Mafuta ya Karai Yamenigombanisha na Jirani

Mpendwa Bi Sidi,

Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Garsen na nakuandikia nikiwa na aibu ambayo sijui niiweke wapi. Mwaka juzi mume wangu Kazungu alijenga choo cha ndani, kile cha kuvuta maji, na nyuma ya nyumba akachimba tangi la maji taka, nami nikafurahi sana kwa sababu nilikuwa nimechoka kukimbilia uani na mwavuli wakati wa mvua, lakini tangu mwezi uliopita choo kimegoma, ukivuta maji yanapanda badala ya kushuka, na kule nyuma kunanuka mpaka wateja wangu wa viazi karai wanakula wakiwa wamegeuza uso. Kazungu akaenda kuangalia, akaona nyayo, akasema ndama wa jirani yetu Halkano wamekanyaga na kuvunja bomba, akamfuata akamwambia maneno mazito, na Halkano, ambaye ndiye aliyenikimbiza hospitali uchungu wa kitinda mimba wangu uliponishika, akajibu tu, "Ndama yangu iko nyepesi kuliko hiyo mdomo yako." Tangu siku hiyo mkewe Dado haleti maziwa, mimi sipeleki viazi, na Jumamosi tumeitwa wote kwa chifu.

Sasa Bi Sidi, kinachonichoma ni hiki. Jana Kazungu akiwa kazini nilimwita fundi Nuh, akafunua kile kishimo cha kukagulia bomba, akachokonoa kwa kijiti, akatoa bonge jeupe kama kipande cha sabuni, akaniuliza, "Mama, haya mafuta ni ya nani?" Ni yangu. Kila nikimaliza kukaanga, mafuta machafu nayamwaga kwenye sinki, na harufu ilipoanza nikawa namwaga chooni dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, chupa nzima kwa siku, nikidhani nasafisha. Nuh nimemwomba asiseme. Na kesho kutwa Kazungu anataka kushuka mwenyewe tangini kwa ngazi aone palipovunjika. Nikisema, nitaonekana nimegombanisha majirani, nikinyamaza, Halkano atabebeshwa kosa langu. Nifanyeje?

Kahaso, Garsen

Kahaso,

Wasomaji wajue kwamba barua hii sikuiacha ingoje zamu yake. Niliposoma kwamba mumeo anataka kushuka, nilikupigia simu hapo hapo, kwa sababu hewa ya ndani ya tangi humwangusha mtu kabla hajaita, na anayemfuata kumwokoa huangukia juu yake. Haingii mtu, si mumeo, si fundi. Kifuniko kikifunuliwa, watoto wakae mbali na usiwashwe moto karibu.

Haya, sasa nikugombeze. Tangi si jalala. Ndani mna vijidudu ambavyo kazi yao ni kula uchafu. Mzito unatulia chini, mafuta yanaelea juu, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka kwenda kunywewa na udongo. Wewe umevimwagia mafuta ya karai mpaka njia ikaziba, kisha ukaviua kwa dawa. Vingekuwa vibarua, vingekukimbia zamani.

Kuanzia leo mafuta yapoe kwenye kopo, yatupwe na taka. Choo kioshwe kwa sabuni kidogo na brashi. Pedi, nepi na vitambaa visiingie humo kabisa. Ita gari la kunyonya maji taka sasa, halafu tangi likaguliwe kila mwaka, na linyonywe kila baada ya miaka mitatu hivi. Mto ukifurika na ardhi ikilowa, punguzeni maji mnayomwaga, na msinyonye wakati huo, maana tangi tupu kwenye udongo uliojaa maji linaweza kuinuka. Ndama hawakuvunja kitu, lakini zungushieni ua hata hivyo, kifuniko si njia ya mifugo.

Lililo gumu zaidi ni kusema. Nilikwambia umwambie Kazungu siku ile ile, kabla ya chifu, na umwondolee Nuh ile siri, maana hakuiomba.

Ukanipigia Ijumaa. Ukasema ulipomweleza Kazungu, alivaa viatu, akaenda kwa Halkano, nawe ukamfuata. Ulieleza yote mwenyewe, mafuta na dawa, na Kazungu akaomba radhi kwa maneno yake. Halkano alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na choo sasa iko sawa?"

Kazungu akasema bado, gari litakuja Jumatatu.

"Basi mpaka Jumatatu kujeni kwangu," akasema. "Yangu ni ya shimo, lakini haina maneno."

Dado alicheka mpaka akaketi chini, na kwa chifu hamkwenda tena. Mmealikwa, Kahaso. Nendeni, na mkikuta foleni, ngojeni kwa adabu.

Bi Sidi