Mistari Myembamba ya Nduwayezu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimeziona tena. Bango la Nanenane pale stendi Kibondo — herufi zangu! Nene zikishuka, nyembamba kama uzi zikivuka, na vile viguu vyake chini. Mwalimu Loyce, yule wa kutoka Morogoro, mwaka juzi alizipiga picha kwenye mabango yangu, akaziingiza kwenye kompyuta, akazipa jina langu: Kasian. Sasa kila stationari inazo. Saady wa stationari ananitania: mzee, umeingia kwenye kompyuta kama virusi, hutoki tena!

Nimecheka. Kwa mdomo tu.

Jumatano, 6 Agosti

Kaja mwanamke kutoka Kasulu. Anataka jina liandikwe kwenye msalaba wa baba yake, wanamaliza matanga. Mpaka Kibondo? Kasulu mafundi wameisha? Kasema kule wanaprinti tu, yeye anataka mkono wenyewe.

Mkono wenyewe! Nikauliza jina la marehemu.

Nduwayezu.

Brashi ilinidondoka. Kumbe amekufa! Huyu ni binti yake, Claudine. Hakuniuliza kama nilimjua baba yake. Mbona hakuuliza?

Alhamisi, 7 Agosti

Basi niandike, humu hasomi mtu. Herufi si zangu. Ni za Nduwayezu. Mwaka 2016 nilikuwa napeleka rangi kambini kwa wakimbizi, yeye anaandika majina ya wafu wao kwenye misalaba. Nilikaa naye miezi, nikaiba kwa macho. Mistari minene niliiweza. Ile myembamba aliichora mwisho kabisa, kanigeuzia mgongo nisione anaichora kwa nini. Anacheka: hii utaipata siku nyingine, Kasian. Sikuipata. Yangu inatetemeka mpaka leo, Loyce ndiye aliyeinyoosha kwenye kompyuta.

Loyce aliponiuliza herufi ni za nani, nikasema zangu. Neno moja tu. Na Nduwayezu alikuwa hai bado, hapo Kasulu tu. Mungu nisamehe.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda kitubio. Nimemwambia padri hasira, nimemwambia pombe. Lile la herufi sikulisema.

Natoka kanisani, namkuta Claudine barazani kwa Saady. Wanacheka. Nilipofika, kimya! Saady kasema alikuwa anamwonyesha picha za harusi ya mdogo wake. Mfiwa unamwonyesha harusi? Kuna kitu hapa.

Jumatatu, 11 Agosti

Loyce kapiga simu. Kesho anakuja kunirekodi nikiandika, video ya kuwaonyesha wanafunzi. Kasema: baba, andika jina lolote tu, kama kawaida yako. Na kesho hiyohiyo ndiyo niliyomwahidi Claudine! Nimemwomba binti tusogeze. Kagoma. Jumapili msalaba unasimikwa.

Wamepanga hawa. Au ni mimi tu?

Jumanne, 12 Agosti

Naandika nikiwa chumba cha nyuma. Wao wako nje.

Claudine kaja asubuhi na msalaba wa mninga. Kaweka kigoda mbele yangu, macho kwenye mkono wangu, hata hapepesi. Saa nne Loyce naye huyo, na kamera. Nikaanza. Minene imetoka vizuri, imesimama kama nguzo. Loyce anasema safi sana, baba!

Ndipo Claudine akafungua leso yake. Unyoya wa kuku, mweupe, ncha ina rangi nyeusi ya zamani. Akaniwekea mkononi.

"Huu wa nini, mwanangu?" nikamuuliza.

Akaniangalia. Kamera inaendelea. Kisha akasema, polepole, bila hasira: "Baba alisema mwenye herufi zake hataniuliza huu ni wa nini."

Loyce hakuelewa. Nadhani hakuelewa. Nikasema ngoja minene ikauke kwanza. Nikakimbilia huku.

Pale kwenye msalaba kuna nguzo tupu. Hakuna anayeweza kusoma kuwa ni jina la mtu.

Nawasikia. Loyce anamuuliza, dada, ule unyoya una habari gani? Claudine kasogeza kigoda. Sasa ananiita mimi:

"Mzee Kasian! Imekauka. Njoo umalizie jina la baba."

Unyoya ninao hapa mkononi. Sijui hata unashikwa upande gani.