Mkia Haujanona na Mama Mkwe Anakuja

Ndugu Mshauri, shikamoo. Mwenzako usingizi umenitoroka, nisaidie. Mie ni kibarua wa kiwanda hapa Chang'ombe, nimemposa Hamdiya wa Buguruni, na mama yake, Bi Zubeida, hakutaka makuu, alisema tu kitoweo cha harusi kiwe mwanakondoo niliyemlisha kwa mkono wangu, mkia umenona, ili aone kama mwanawe hatalala njaa kwangu, basi mie kwa kupenda sifa nikachagua dume la miguu mirefu, mkia mwembamba kama kamba, nikidhani akikua nao utajaa, halafu kwenye mkutano wa nyumba kumi nikasimama mwenyewe nikahimiza kila nyumba ilete kondoo tuchunge pamoja kijamaa kwenye kiwanja chetu, watu wakapiga makofi, wakaleta, na sasa kiwanja ni mchanga mtupu, wangu mbavu nje, na kila Bi Zubeida akiuliza namjibu, "Amenona, mama, hata kutembea anaona uvivu." Jumapili anakuja kumshika mkia. Rafiki yangu Gozbert anasema ninunue aliyenona mnadani, niseme ndiye. Naogopa kumkosa Hamdiya. Nifanyeje?

Mfaume, Chang'ombe

Marahaba, Mfaume. Pole, baba, lakini nawe umezidi! Kondoo wa mkia mwembamba hata ungemlisha pumba mwaka mzima, mkia usingejaa, na huyo wa miguu mirefu chakula chake kinaanza kujenga mifupa, kunona ni baadaye sana. Ungetafuta wa Kimasai, mfupi, mkia mpana. Ingawa hata yeye angekonda hapo kwenu, midomo yote hiyo kwenye kiwanja kimoja. Nyasi hazisikii hotuba.

Gozbert achana naye. Kondoo uliyemlea ukimwita anakuja, wa mnadani hatageuza hata shingo, na Bi Zubeida ataona.

Usingoje Jumapili. Kesho ukitoka kazini mfunge kamba huyo huyo mwenye mbavu nje, nenda naye Buguruni, useme, "Mama, nilikudanganya, huyu ndiye." Omba muda hadi mvua zipite, ulee wa Kimasai. Mkutanoni simama tena, kiri ulikosea, mpunguze kondoo na nusu ya kiwanja ipumzike. Mama atafoka, vumilia. Hapimi mkia tu, Mfaume. Anataka kujua siku ndani hamna unga utamwambia nini mwanawe.