Bahasha Yenye "Bw."

Kyalo mjukuu wangu,

Huku tu wazima, na mbuzi wa mama yako amezaa pacha. Sasa unaniuliza "Bw." ni nini, kwani huko shuleni walimu wameisha? Ni Bwana, imefupishwa. Zamani hapa Ikutha bwana alikuwa mzungu peke yake. Baada ya uhuru, baba yangu akaletewa bahasha yenye "Bw." mbele ya jina lake. Akaizungusha soko zima, akanikataza kuichana.

"Hiyo ni ya kuonyesha watu."

Tulipoifungua, siku tuliyoitwa kupimiwa mashamba ilikuwa imepita, na upande wetu wa mtoni umeandikwa kwa jina la jirani. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Wewe pia nimekuandikia "Bw." kwa bahasha. Kama umesoma mpaka hapa, umemshinda baba yangu.

Susu wako