Saa ya Baba Yake Babu

Jumapili, 12 Aprili

Leo nitaandika yote, hata yale yanayoniliza.

Tumegawa vitu vya marehemu Babu. Saa za askari waliopigana Burma, alizozikusanya nyumba kwa nyumba hapa Kendu Bay, zimeondoka zote. Kila mwanawe amechukua yake.

Ile ya baba yake Babu, ambaye hakurudi vitani, imekwenda Muhuru Bay na Baba Mdogo. Saa hiyo ililetwa na askari mwenzake. Kila Ijumaa, kabla jua halijazama, mimi na Babu tuliitia ufunguo ili tusiiguse siku ya Sabato.

Niliomba ibaki nami. Baba Mdogo akacheka.

"Nyathina, mtoto wangu, kwa mkono huo mwembamba? Si itapanda hadi kwenye kiwiko!"

Kisha akasema fundi wa kwao ataitoa mashine ya ndani aweke ya betri. "Nani ana muda wa kutia saa ufunguo siku hizi?"

Sikumpinga, kwa heshima, na sasa heshima hiyo inanichoma.

Babu hakuwahi kumwona baba yake. Alikuwa akiniwekea saa ile sikioni na kuninong'oneza, "Sikiza, anatembea." Wakiitoa mashine hiyo, basi...

Nimeazima simu ya Nyanya, nikamwandikia: Baba Mdogo, pole na safari. Tafadhali nijibu usiku huu huu, sitalala. Saa bado iko kwako, au fundi ameshaifungua?