Tanzia ambayo Salumu hakuweza kuisoma

Sinza, Jumanne, Novemba 1999. Mvua ya vuli haijakatika tangu alfajiri, nami sina nguvu hata ya kufungua dirisha.

Jana mdogo wangu Salumu alipiga simu kutoka Maskati. Alikuwa na furaha.

"Kaka Hamadi, mwambie dada Zuhura anakula halua niliyomtumia kimyakimya, hata asante hakuna!"

Dada yetu Zuhura tumemzika Kiwalani, wiki ya pili sasa.

Nami nilikuwa nimenuna. Nilijiambia Salumu ameisoma tanzia na hata kunipa pole ameshindwa. Ilitoka siku ileile ya msiba, kwenye tovuti ya jumuiya yetu, watu wa kisiwani tuliotawanyika miaka mingi. Ndiyo baraza letu lililobaki. Kitu kikishawekwa pale, tunahesabu kila mtu kapata habari.

Salumu haoni. Macho yalimwishia ukubwani. Ana kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti, inatamka Kiswahili kama Mzungu aliyefika jana, na tangu aipate hamwombi mtu amsomee kitu.

Nikamwambia Zuhura ametutoka, na kwamba tanzia iko kwenye tovuti.

"Mie nafungua kila siku, Kaka. Inasema 'picha', halafu inanyamaza. Nikajua mmeweka harusi."

Tanzia tuliitengeneza yote kama picha, herufi za mapambo na waridi pembeni, kwa heshima ya marehemu. Mimi mwenyewe niliisifu. Mwenye macho anaona maneno. Mashine ya Salumu inakuta picha tu.

Nikataka kumsomea kwenye simu. Akanikatiza.

"Usinisomee. Iandikeni, niisome mwenyewe kama wenzangu."

Leo nimekwenda Mwenge kwa Rehema, binti anayetutengenezea tovuti. Akaniamkia, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema ipo nafasi ya kuandika maneno nyuma ya picha. Sisi hatuyaoni, lakini mashine inayasoma. Kazi ndogo tu.

"Sasa mbona hukuandika, mwanangu?"

"Babu, hakuna aliyeniambia kuna msomaji asiyeona. Na sasa siwezi kugusa kitu bila mwenyekiti wa jumuiya, alishanigombeza."

Akampigia mwenyekiti, akanipa simu.

"Hamadi, ukurasa umependeza, watu wameusifu, leo tuufumue kwa ajili ya mtu mmoja? Si umeshamwambia? Basi, yameisha."

Nikamrudishia Rehema simu, nikaondoka.

Mtu mmoja.

Nasi tulipofika huku kutoka kisiwani, kila mlango tuliobisha tulikuwa mtu mmoja.

Nimerudi nyumbani nimelowa, na nimekaa tangu adhuhuri bila kufanya lolote. Siwezi kumshinda mwenyekiti. Siwezi kumrudishia Salumu siku ya maziko. Nilicho nacho ni shajara hii, ambayo Rehema aliniwekea mtandaoni kwa maandishi matupu kwa sababu nilikataa mapambo. Salumu hajui kama ipo. Kesho nitampigia nimwelekeze, na kama mashine yake itaifikia, Mungu ndiye ajuaye.

Salumu, soma mwenyewe:

Bi Zuhura binti Khamisi amefariki alfajiri ya Ijumaa nyumbani kwake Kiwalani, na amezikwa siku hiyohiyo baada ya swala. Ameacha wadogo zake wawili, Hamadi na Salumu.

Hata kwenye ile ya waridi, mdogo wangu, jina lako lilikuwemo.