Kaku Akipanda, Sindano Zinalala

Siku ya kwanza, tarehe 9 mwezi wa sita

Baridi ya asubui, mikono kama chuma. Batri mbili, taa moja, na klakson, honi ya mutuka ya muchungaji mumoja, yenye ilikuwa inalia yenyewe katikati ya maombi. Nilimaliza yote mbele ya saa sita. Mu mutaa yetu ya Annexe hakuna fundi wa umeme wa mutuka kama mi. Hata Ndola, kule Zambia, banajua. Nilifikaka Ndola mara moja tu, lakini nilifika.

Kisha Papa Ngoy, ule anauzishaka bunga ya mahindi, akaleta mutuka yake. Mu tablo, mbele ya dereva, sindano yenye kupima esanse, njo petroli, na ile yenye kupima moto ya motere zinalala mara moja, kisha zinaamuka zenyewe. Mutuka inatembea muzuri, lakini ye hajue kama esanse iko ao motere inachemuka. Nilimuambia: kesho. Mi sina mambo ya kesho kutwa.

Siku ya pili, tarehe 10

Fizibo, fyuzi za umeme, ziko nzima. Boya ya mu rezervwar, tangi ya esanse, nilibadirisha, nikatia ingine ya mutuka ya kufa. Ile kapter, yenye inasikiaka moto ya motere, nilichovya mu maji ya kuchemuka, sindano ikapanda. Kisha nikazunguka peke yangu mpaka ku reli na kurudia. Sindano zimesimama kama basoda mbele ya jenerali.

Nilimurudishia Papa Ngoy fungulo pamoja na maneno mingi. Nilisema hata Bajapani bangenilomba kazi.

Siku ya tatu, tarehe 11

Papa Ngoy amerudia. Sindano zililala tena. Alisema vile mbele ya bantu benye nilikuwa nakunywa nabo chai. Haya kabisa.

Lakini haya haikuwa kitu. Kitu ni vile alinielezea kisha. Sindano zinalala tu siku Kaku iko ndani. Kaku njo mama yake, muzee, anaikala kwake tangu bwana yake alikufa kule Mitwaba. Bibi ya Ngoy akipanda mbele, hakuna kitu. Kaku akipanda, zinalala. Akishuka, zinaamuka. Muntu wao wa maombi alishasema ni bulozi: Kaku analoga mutuka. Siku ya posho, tarehe 14, banamurudisha Mitwaba.

Nilicheka. Ye hakucheka.

"Fundi, unachekelea mama yangu ao unanichekelea mi?"

Nikaweka kikopo ya chai chini. Mitwaba Kaku hana tena muntu. Nyumba ilishaanguka. Mama wa bantu anafukuzwa juu ya sindano mbili. Nimekasirika, nikamuambia Ngoy aniachie mutuka.

Siku ya ine, tarehe 12

Nilitia mufuko ya bunga mu kiti ya mbele. Hakuna kitu. Nikaongeza ingine. Hakuna. Basi hapana uzito. Nikaikala mwenyewe, nikaruka-ruka. Bibi yangu akasema sasa bulozi iliingia kwetu.

Nimefikiri sana. Ile mutuka ilitoka Japani na volan, njo usukani, ku kuume, ikapitia Zambia kama zote. Kwetu huku banaihamisha ku kushoto: banakata tablo, banaongeza waya, banafunika. Sijue nani alifanya ile kazi. Waya zote za kushoto nilizifata, ziko muzuri. Nilipima kila kintu.

Kila kintu, isipokuwa Kaku.

Siku ya tano, tarehe 13

Nilienda kwa Ngoy na mutuka yake. Nikasema: nipatie mama yako, nipime naye. Akasema hapana, ilishakwisha, kesho anaenda. Kaku alikuwa mu mulango, alisikia yote.

"Ngoja nifunge kitambaa yangu," akaniambia.

Motere ilikuwa inawaka, sindano zimesimama; Kaku akapanda mbele. Goti yake ya kuume ilishakufa, haikunjaki. Ile muguu akaitandika mpaka mwisho, ku kona, chini ya tablo. Sindano zikalala. Ngoy akashika kichwa.

Nikainua muguu ya Kaku na mikono yangu mbili. Zikaamuka. Nikaiachilia. Zikalala. Mara ya tatu Kaku mwenyewe alikuwa anacheka.

Nikafungua tapi, kapeti ya chini. Ku kona ya kuume, kwenye volan ilikuwaka zamani, kuko waya ya mas, ile inarudisha umeme ya tablo ku chuma ya mutuka. Mwenye alihamisha volan aliiachia pale pale, akaifunga juu ya rangi na vis, skrubu ndogo ya mulango ya nyumba. Kisigino ya Kaku inaisukuma, inaachana. Bantu bengine beko na goti ya kukunja, muguu yabo haifikaki pale.

Nilikwangula rangi, nikafunga na bulo, bolti ya kweli. Kaku akatandika muguu kwa nguvu yote. Sindano: basoda.

Ngoy akasema: "Mama, kumbe ilikuwa waya."

"Mi nilijua hapana mi," Kaku akajibu. "We njo haukujua."

Akaingia mu nyumba.

Siku ya posho, tarehe 14

Hakuenda Mitwaba. Nilielezea bantu bote ku njia, kila mara nikiongeza chumvi.

Magaribi Ngoy akapita. Akasema mama yake anakatala kupanda mutuka. Soko alienda na muguu, ile ile yenye haikunjaki. Furaha yangu ikapunguka nusu.

Yenga, siku ya misa, tarehe 15

Kisha misa nilienda kwao na uongo yangu. Nikamuambia Kaku: bulo mupya inaombaka kupimwa na muntu ule ule, sheria ya ufundi. Akaniangalia murefu. Hakuniamini. Akafunga kitambaa, akapanda.

Tulizunguka mpaka ku reli. Muguu yake ilikuwa ku kona, macho ku sindano.

Tukarudia. Ngoy alikuwa anangojea ku kipango ya nyumba yake, akakuja kufungua mulango ya mutuka yeye mwenyewe. Kaku hakushuka. Hakumuangalia.

"Fundi," akasema, "tuzunguke tena."

Ngoy akafunga mulango, pole pole. Tukazunguka tena. Sindano ya esanse ilishuka kidogo. Hii mara ilikuwa inasema kweli.