Ukoo wa Babu Umegeuka Katika Kitabu cha Mahakama

Mpendwa Dada Thozama, mshauri wetu wa kila Jumapili, naomba unisaidie kabla sijaivunja nyumba yangu kwa mikono yangu mwenyewe, maana hapa nilipo mbele sipaoni na nyuma sipakumbuki.

Mimi ni MamTolo, mjane, nakaa kijijini upande wa Engcobo. Shule niliishia darasa la sita, lakini binti yangu Lindelwa ana shahada ya historia ya chuo kikuu, na si shahada ya kubabaisha, picha yake akiwa na joho ni kubwa kuliko dirisha langu, na mtu akiingia kwangu hata kuomba chumvi lazima kwanza aitazame ndiyo chumvi apewe. Lindelwa amechumbiwa na Luvo, mwalimu wa hesabu, kijana mpole, anakula pure yangu ya mahindi na maharage sahani mbili bila kubembelezwa. Luvo ni wa ukoo wa Mpinga na sisi ni Bhele, kwa hiyo hakukuwa na neno, na wajumbe wa kwao wanakuja kuzungumza mahari Jumamosi ya tatu kuanzia leo.

Kosa ni langu, nakubali. Nilimwambia Lindelwa, mwanangu, wewe msomi, nenda kwenye nyumba ya kumbukumbu mjini ukatafute habari za babu wa baba yako, tuandike karatasi nzuri isomwe mbele ya wajumbe, wajue wanaoa nyumba gani. Maana yule mzee alikuwa mtu. Alikuwa na vibanda viwili na ng'ombe wa kujaza bonde, na sijawahi kusikia amelala rumande hata usiku mmoja. Jina lake silitaji, mimi ni mwanamke niliyeolewa katika nyumba ile, na kwa ajili ya jina lake hata kile tunachochota mtoni nakiita kwa neno jingine mpaka leo, nikiwa na kiu wajukuu wa jirani wananicheka. Lindelwa ameliandika nyuma ya barua hii.

Basi akaenda siku nne. Siku ya pili alinipigia simu kwa furaha, amemkuta kwenye kitabu cha kodi ya vibanda cha mwaka 1936, jina lake, vibanda viwili, Bhele. Mimi nikatoka nje nikawaambia majirani wote. Siku ya nne akarudi nyumbani, hakusalimia, akakaa kitandani na viatu.

"Mama, sisi si Bhele."

"Sisi si nini?"

"Sisi ni Mpinga. Kama Luvo."

"Nani kasema upuuzi huo?"

"Bibi kasema. Mbele ya hakimu, kwa kiapo."

Akanionyesha nakala. Ni kesi ya 1938, maksai wetu waliingia shamba la mtu wakala mahindi, wanaume wote wako migodini Johannesburg, kwa hiyo aliyekwenda kujibu ni Nofezile, mama mkwe wangu, wakati huo bado mwali, hajamaliza mwaka tangu aolewe. Karani ameandika kwa Kiingereza na Lindelwa akanisomea kwa lugha yetu polepole: shahidi Nofezile, mke wa mwana wa mwenye boma, anaulizwa mwenye boma ni nani, ananyamaza, anaulizwa tena, ananyamaza, hakimu anamwonya kwamba atafungwa, ndipo anajibu, ni Mpinga.

Lindelwa anasema hapo ndipo ukweli ulipotoka. Anasema mzee alikuja huku akikimbia jambo, akajiandikisha kwenye kodi kwa ukoo wa uongo, na yule mwali alinyamaza kwa sababu aliagizwa asiseme, mpaka alipotishwa jela akaropoka. Sasa Dada Thozama, ukoo mmoja ni ndugu, hata kama mmoja amezaliwa mlimani na mwingine pwani, hawaoani. Luvo akipiga simu hapokelewi. Mtoto amekonda ndani ya wiki moja tu.

Na mimi nimechanganyikiwa kabisa. Nikisema kitabu cha mahakama ni kweli, basi mume wangu alizikwa kwa majina ya ukoo usio wake na sisi tuliokuwa kando ya kaburi tuliitikia. Nikisema ni uongo, basi mama mkwe wangu alimdanganya hakimu, na mama yule nimemuuguza miaka mitatu, nimemuogesha kwa mikono hii, hakuwahi kunidanganya hata idadi ya vijiko. Asubuhi naamini kitabu cha kodi, jioni naamini cha mahakama. Nakala nimeificha chini ya godoro na juzi niliitoa nikawasha kiberiti, kikazimika, nikairudisha.

Wifi yangu Nozukile, binti wa Nofezile, yuko hai, ana miaka sabini na moja, lakini hatusemezani tangu sherehe ya shahada. Nilipokuwa nahutubia alisema kwa sauti watu wasikie, "Kuhitimu kahitimu, lakini kuja kunisalimia mimi shangazi yake bado anasoma." Mimi siwezi kwenda kumpa furaha huyo.

Niambie, niichome karatasi na arusi iendelee, au niwaambie wakwe wasije?

Wako katika mkanganyiko,
MamTolo


JIBU

MamTolo, dada yangu, pole. Umesumbuka na mtoto amesumbuka, na nawaonea huruma nyote wawili. Hongera pia kwa shahada, nimeshaitazama, sasa nipe chumvi.

Ila nakugombeza. Umeniandikia kurasa tatu kuhusu babu wa mumeo na hukuthubutu kuandika jina lake. Nimelisoma nyuma ya barua: Manzezulu, maji ya mbinguni. Kwa heshima hiyo wewe huyatamki hata maji. Sasa niambie, mama mkwe wako, mwali aliyekuwa hajamaliza mwaka, aliposimamishwa mbele ya wanaume wageni akaambiwa amtaje baba wa mumewe kwa jina, ulitaka afanye nini? Alinyamaza. Akaulizwa tena, akanyamaza. Hakuwa anaficha kitu, dada. Alikuwa anafanya kile unachokifanya wewe kila ukiwa na kiu.

Alipotishwa jela akatafuta njia ya kujibu bila kutaja. Na mwali hujibuje? Wewe unajua kuliko mimi. Humwita mzee kwa ukoo wa mama yake: mpwa wa akina fulani. Ninavyoona mimi, alisema "mpwa wa Mpinga". Karani, ambaye hakuwa na mama mkwe wa kumfundisha, akaliacha neno moja na kuandika lililobaki. Kodi waliandika Bhele kwa sababu siku ile mzee alijitaja mwenyewe, na mtu haoni haya kujitaja.

Sasa sikia vizuri, nimesema ninavyoona. Sikuwepo mwaka 1938 na wala wewe hukuwepo. Binti yako ni msomi hodari, lakini amesoma alichoandika karani na kumhukumu bibi yake kabla ya kumuuliza mtu yeyote aliyemjua. Nawe umemwachia, kwa sababu mtu wa kuulizwa ni wifi yako na wewe una hotuba yako ya kulinda. Yaani uko tayari kuchoma ushahidi, au kufukuza wakwe, ili mradi usimpe Nozukile furaha. Aibu, MamTolo. Na alichosema kwenye sherehe kilikuwa kweli. Mtoto alipaswa kwenda kumsalimia shangazi yake.

Fanya hivi. Kesho asubuhi mchukue Lindelwa na hiyo nakala, nendeni kwa wifi yako. Beba sukari na majani ya chai, usibebe picha. Lindelwa aombe radhi kwanza, kisha wewe. Mkishakaa, uliza swali moja tu: mama aliyemzaa yule mzee alikuwa binti wa ukoo gani? Usimwambie jibu unalolitaka, wala usimwonyeshe karatasi kabla hajajibu.

Akisema Mpinga, basi mzee wenu alikuwa Bhele, mpwa wa Mpinga, na mama mkwe wako alisema kweli tupu. Damu ya kina Luvo itakuwemo kwenu, kwa upande wa kike, vizazi vinne nyuma. Wazee wengi huruhusu umbali huo, wengine hudai mbuzi na maneno. Hilo si lako wala langu, liwekeni mezani mbele ya wazee wa pande zote, na Lindelwa awasomee nakala yeye mwenyewe. Luvo apigiwe simu leo hii aambiwe kuna jambo linaulizwa, maana kumnyamazia mchumba si heshima, ni kumtesa.

Lakini wifi yako akikuambia kwamba mzee kweli alikuja akikimbia, na kwamba kwa baba yake alikuwa Mpinga, basi hakuna arusi. Hapo utakwenda wewe mwenyewe kwa mama yake Luvo, kwa miguu yako, umwambie mdomo kwa mdomo kabla ng'ombe wa kwanza hajatoka zizini kwao.

Thozama